Mita yasema omu 64, balbu yasema wati 60: ipi ya kuaminiwa?

Swali: «Ninajifunza ufundi umeme na nimepata multimita yangu ya kwanza. Nimepima ukinzani wa vitu vitatu, vyote vikiwa vimechomolewa: balbu ya kizamani iliyoandikwa 230 V, 60 W, birika la umeme la 230 V, 2000 W, na pampu ndogo ya maji ya 230 V, 4 A, 550 W. Birika limenipa omu 26.3 na hesabu ikatoka sawasawa. Balbu imenipa omu 64, ambazo kwa hesabu yangu ni karibu ampea 3.6 na zaidi ya wati 820. Pampu imenipa omu 8, yaani karibu ampea 29, wakati kibandiko chake kinasema 4. Na hata nikizidisha 230 kwa 4 napata 920, si 550. Je, mita yangu ni mbovu au nimekosea kanuni? Tena, kitabu kimoja kinasema ukinzani ukiwa mkubwa joto huongezeka, kingine kinasema hupungua. Nishike kipi?»

Ndugu msomaji, nianze na jibu fupi usije ukaitupa mita yako bure: mita ni nzima, kugawanya kwako ni sahihi, na vibandiko vyote vitatu vinasema kweli. Kilichokosekana ni jambo ambalo wanaofundisha hesabu hizi hulipita haraka, nalo ni kwamba volti, ampea na omu zinazoingia katika kanuni moja sharti ziwe za kipande kilekile cha saketi, kwa wakati uleule, kikiwa katika hali ileile. Wewe umechukua volti za kifaa kinachofanya kazi ukazioanisha na omu za kifaa kilicholala. Kwa birika ndoa hiyo imekubali. Kwa balbu na kwa pampu imekataa, na kila kimoja kimekataa kwa sababu yake.

Turudi kwanza kwenye maana ya namba zenyewe. Mkondo ni kiasi cha chaji kinachopita mahali fulani kwa sekunde moja, na ampea moja ni kulombi moja kwa sekunde. Volteji kati ya ncha mbili za kifaa ni nishati ambayo kila kulombi huiacha humo inapovuka, na volti moja ni juli moja kwa kila kulombi. Ukizidisha juli kwa kulombi na kulombi kwa sekunde, kulombi zinafutana na unabakiwa na juli kwa sekunde, ambazo ndizo wati. Kwa hiyo P = V × I (wati ni volti mara ampea) haihitaji kukaririwa, kwa kuwa imo ndani ya maana ya volti na ampea, na kwa mkondo mnyoofu kama wa betri haina kifaa inachokibagua. Ukinzani nao ni uwiano tu: R = V ÷ I, yaani ni volti ngapi zinahitajika ili kusukuma kila ampea moja, na hupimwa kwa omu. Kanuni nyingine mbili ulizozikuta, P = I² × R na P = V² ÷ R, zimezaliwa na hizo mbili kwa kubadilisha herufi, na haziwezi kukuambia jambo ambalo wazazi wao hawakulijua.

Tatizo lako lina ukoo mrefu. Georg Simon Ohm, aliyechapisha kazi yake kubwa mwaka 1827, alisumbuliwa na betri za zama zake ambazo zililegea kila alipoziunganisha na waya, volteji ikishuka huku yeye bado anapima. Aliziacha, akatumia kiungo cha metali mbili, bismathi na shaba, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na wa pili kwenye barafu, akapata chanzo kisichoyumba. Na hapo ndipo uwiano kati ya volti na ampea ulipojitokeza wazi. Alichokionyesha ni kwamba waya wa metali hushika uwiano uleule maadamu halijoto yake haibadiliki. Sharti hilo la mwishoni ndilo lililokuponyoka ulipopima balbu.

Ndani ya metali yoyote elektroni husafiri katikati ya atomi zinazotetemeka. Metali ikipata joto atomi hutetemeka zaidi, elektroni hugongwa na kupotoshwa mara nyingi zaidi, na ukinzani hupanda. Kwa shaba na kwa tangsteni ongezeko ni takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ukianzia halijoto ya chumba, jambo linaloonekana dogo hadi ukumbuke kwamba filamenti ya balbu ya kizamani hufanya kazi kwenye takriban digrii 2500 za Selsiasi. Usiulize mita ukinzani wa balbu inayowaka, uulize kibandiko. Wati 60 zikigawanywa kwa volti 230 zinatoa ampea 0.26, na volti 230 zikigawanywa kwa ampea 0.26 zinatoa omu 882 hivi. Omu 64 ulizozisoma ni za filamenti iliyopoa, omu 882 ni za filamenti ileile ikiwaka, na tofauti ya karibu mara kumi na nne ndiyo ada ya joto.

Tena usizidharau zile wati 820 zako. Zipo kweli, isipokuwa maisha yao ni mafupi mno. Katika sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya kubonyeza swichi, filamenti bado ina baridi, mkondo unaovuma ndani yake ni mara nyingi kuliko kawaida, na ni mkondo huo huo unaoipasha joto hadi ijifunge mlango. Ndiyo maana balbu hizi hupenda kuungua pale pale zinapowashwa: sehemu ya filamenti iliyokonda kwa uchakavu hupata joto haraka kuliko nyingine na kuyeyuka kabla sehemu zilizobaki hazijafika.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako bila kugusa umeme wa nyumbani, tafuta balbu ya gari ya volti 12 na wati 21 pamoja na betri ya volti 12. Pima kwanza ukinzani wa balbu ikiwa imepoa. Utakuta chini ya omu moja. Kisha iwashe kwa betri, mita ikiwa ndani ya mzunguko kusoma ampea, na utasoma mahali fulani karibu na ampea 1.75, ambazo ni omu 7 hivi. Angalizo moja kwenye jaribio hili: waya za mita yenyewe zina ukinzani wa sehemu kadhaa za kumi za omu, kwa hiyo zigusishe ncha zake pamoja kabla ya kupima, soma namba itakayotokea, na uitoe kwenye jibu. Kwa birika lako kasoro hiyo haikuonekana. Kwa balbu ya gari inaweza kuwa karibu nusu ya namba unayoitafuta.

Birika limekutii kwa sababu koili yake kwa kawaida hutengenezwa kwa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu uliochaguliwa, pamoja na mambo mengine, kwa kuwa ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto, na kwa sababu maji huizuia koili isipande mbali. Chukua 230 mara 230, upate 52,900, ugawe kwa 26.3: wati 2011. Mkondo ni ampea 8.7. Huwezi kutaka makubaliano mazuri kuliko hayo, na ningesema vifaa vyote vya kupasha joto, yaani pasi, hita na majiko ya koili, unaweza kuvipima hivi ukaamini jibu kwa asilimia chache huku au kule.

Sasa vitabu vyako viwili. Vyote viko sahihi, na kila kimoja kimeficha sharti lake. Kinachosema joto huongezeka kadiri ukinzani unavyokua kinatumia P = I² × R na kuchukulia kuwa mkondo haubadiliki; kinachosema hupungua kinatumia P = V² ÷ R na kuchukulia kuwa volteji haibadiliki. Kabla hujachagua kanuni, jiulize ni kipi kati ya viwili hivyo ambacho saketi imekishikilia. Vifaa vilivyochomekwa kila kimoja kwenye soketi yake hupata volteji ileile, hivyo chenye ukinzani mdogo ndicho chenye wati nyingi: birika la omu 26 linaizidi balbu ya omu 882 kwa mbali. Vitu vilivyopangwa kwa mfuatano katika njia moja hupitisha mkondo uleule, hivyo chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachopata joto zaidi. Hali hii ya pili ndiyo iliyopimwa na mwanafizikia James Prescott Joule mwanzoni mwa miaka ya 1840, alipotumbukiza waya wenye mkondo ndani ya maji na kuona joto likifuata mraba wa mkondo.

Nikuoneshe mfano mmoja ambao fundi hukutana nao kila mara. Tuseme plagi ya birika lako imelegea ndani ya soketi, na pale pini inapogusa shaba pamezuka ukinzani wa nusu omu kwa sababu ya kutu na masizi. Jumla ya ukinzani katika njia ni takriban omu 26.8, mkondo ni ampea 8.6, na birika halijui lolote. Linachemsha maji kama kawaida, pengine kwa kuchelewa kidogo. Lakini pale kwenye mguso wa nusu omu, 8.6 kwa mraba mara 0.5 ni wati 37. Volti zinazopotea hapo ni 4.3 tu, kiasi ambacho hakuna atakayekitambua kwa kutazama taa. Wati 37 ni kama za chuma cha kulehemu kwa risasi, na hapa zimekusanywa katika eneo dogo kama kichwa cha kiberiti, ndani ya plastiki. Plastiki hulainika, shaba hupoteza ubanaji wake, mguso huzidi kuwa mbaya, joto huzidi. Wala fyuzi na breka haziwezi kukuokoa katika hali hii, kwa sababu mkondo haujazidi. Kwa hakika umepungua. Kwa mtazamo wangu, nusu ya faida ya kuijua I² × R iko hapa.

Kuna dhana nyingine inayokaa jirani na hii, ingawa hukuiuliza: kwamba volteji ikishuka kila kifaa «huvuta» mkondo zaidi. Birika halifanyi hivyo. Volteji ikishuka kwa asilimia kumi hadi 207, mkondo nao hushuka kwa asilimia kumi, na wati hushuka kwa asilimia kumi na tisa hivi, hadi karibu 1630. Mota iliyobeba mzigo, pamoja na vifaa vyenye saketi za elektroniki zinazolazimisha kutoa wati zilezile, ndivyo vinavyoweza kuongeza mkondo volteji inapopungua. Vifaa hivyo vya elektroniki, kama chaja na taa za LED, nashauri usivipime omu kabisa kwa nia ya kukokotoa nguvu. Namba utakayoisoma haina uhusiano wowote na kazi yao.

Pampu ina visa viwili, na ni vema tuvitenganishe.

Cha kwanza ni zile omu 8. Hizo ni za waya wa shaba uliozungushwa ndani ya mota, na mita imezisoma kwa kutumia betri yake ndogo, yaani kwa mkondo mnyoofu. Umeme wa ukutani ni mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na koili iliyozungushwa kwenye chuma hujenga uga wa sumaku unaopanda na kushuka pamoja nao. Uga unaobadilika huzalisha ndani ya koili hiyo hiyo volteji inayopingana na ile iliyoletwa kutoka ukutani. Kwa hiyo kati ya volti 230, sehemu kubwa hukabiliwa na upinzani huo wa sumaku, na sehemu ndogo tu ndiyo inayobaki kusukuma mkondo dhidi ya omu 8 za shaba. Ampea nne mara omu nane ni volti 32. Hizo tu ndizo zinazotumika kwa shaba. Omu 8 zako hata hivyo si za kutupwa, kwa kuwa zinakueleza joto la waya: 4 kwa mraba mara 8 ni wati 128 zinazopotea katika koili. Na pampu ikikwama kwa mchanga ikawa haizunguki, upinzani ule hupungua sana, mkondo hupanda mara kadhaa, na joto hupanda kwa mraba wa hizo mara kadhaa. Mkondo ukizidi mara nne, joto la shaba huzidi mara kumi na sita, wati 128 zinakuwa zaidi ya 2000, na mota huungua kwa muda mfupi sana.

Kisa cha pili ni 920 dhidi ya 550. Katika mkondo geu wenye koili, mkondo huchelewa kidogo nyuma ya volteji, na katika sehemu ya kila mzunguko mota hurudisha kwenye waya nishati iliyokuwa imeikopa kwa ajili ya sumaku yake. Zao la volti na ampea kwa hiyo huitwa volti-ampea, na ili kupata wati halisi huzidishwa kwa namba isiyozidi moja, ambayo mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko kama cos φ. Itafute kwenye pampu yako. Tuseme ni 0.92: 920 mara 0.92 ni wati 846, na hizo ndizo zinazoingia. Wati 550 za kwenye kibandiko cha mota kwa kawaida ni nguvu inayotoka kwenye ekseli kama kazi ya kuzungusha, si umeme unaoingia. Kutoka 846 hadi 550 ni ufanisi wa asilimia 65, kiwango ambacho hakishangazi kwa mota ndogo ya namna hii. Zilizobaki ni joto la shaba, la chuma na la msuguano. Baadhi ya watengenezaji huandika nguvu inayoingia badala ya inayotoka, na alama P1 kwenye pampu humaanisha inayoingia, P2 inayotoka kwenye ekseli.

Je, basi ufanyeje unapotaka kujua ukweli wa kifaa? Kwa vifaa vya kupasha joto, omu za mita na kibandiko vinatosha. Kwa balbu ya filamenti, anza na wati na volti za kibandiko ukirudi nyuma kutafuta omu. Kwa mota, pima volti na ampea mota ikiwa inafanya kazi, ukitumia mita ya kubana waya, ambayo husoma mkondo kwa sumaku bila kukata chochote. Hakikisha umebana waya mmoja tu, kwa maana ukibana waya wa kwenda na wa kurudi kwa pamoja sumaku zao hufutana na mita husoma sifuri. Njia ya kupitisha umeme wa ukutani ndani ya multimita ya kawaida ili isome ampea siipendi kwa mwanafunzi. Tundu la ampea la mita lina ukinzani mdogo mno, na kosa la kuacha waya kwenye tundu hilo kisha kugusa ncha mbili za soketi ili kupima volti ni sawa na kupiga shoti kwa mikono yako mwenyewe. Omu nazo hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa, na kapasita ya pampu (kipande kinachohifadhi chaji) ikiwa imeondolewa chaji kwa kutumia kipingamizi, yaani kipande chenye ukinzani, kamwe si kwa kuigongesha bisibisi.

Kuna vipimo ambavyo multimita haiwezi kukupa hata ukiwa mwangalifu namna gani. Ikiwa pampu inakutekenya mkono unapoigusa, au kivunja-saketi cha uvujaji (breka inayokata umeme unapovuja) kinaanguka kila inapowashwa, mita yako inaweza kuonyesha kwamba kati ya koili na mwili wa chuma hakuna njia kabisa, na bado kihami, yaani tabaka linalozuia umeme usivuje kutoka kwenye koili, kikawa kimeoza, kwa kuwa betri yake ya volti chache haina ubavu wa kukijaribu. Kipimo hicho hufanywa kwa kifaa maalumu kinachosukuma takriban volti 500, na matokeo yake husomwa katika mamilioni ya omu. Mpe kazi hiyo fundi mwenye leseni na kifaa hicho, na pampu isirudi majini hadi aseme ni salama. Mwite pia ukiona soketi imebadilika rangi, plagi ina joto lisilovumilika mkononi, kuna harufu ya plastiki inayoungua, au taa zinafifia kila birika linapowashwa, kwa sababu hapo huenda nusu omu iliyojificha ipo ndani ya ukuta au kwenye kisanduku kikuu, mahali ambapo mwanafunzi hapaswi kuingiza mkono peke yake. Ukiweza, omba usimame kando umtazame anavyopima volti kwenye soketi kabla ya kuwasha birika na baada ya kuliwasha. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili, ukiigawa kwa ampea 8.7, itakupa omu za njia nzima kutoka kwenye chanzo hadi hapo, zikiwa zimepimwa zikiwa kazini.